Unashuti Lindi na nje ya nchi? Karatasi kwanza, kamera baadaye

Vijana wananiuliza sana bro ninunue kamera gani nianze kufanya dokumentari za kimataifa, mi nawaambia hiyo hiyo uliyonayo inatosha, kitakachokukwamisha ni karatasi. Nipo hapa Lindi, sina kampuni wala mdhamini, kwahiyo naongea yaliyonikuta.

Kwanza chagua stori ambayo yenyewe imeshavuka mpaka. Mfano kilima cha Tendaguru hapa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wazee wetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, leo mmoja kasimamishwa makumbusho ya Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13. Ukisema hivyo tu, mtu wa viza na mtu wa hela wote wanaelewa unaenda Berlin kufanya nini. Mtwara nako Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma, stori tele, ila tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, kuna mapigano, usije ukatoa kamera kivukoni Kilambo ukidhani unapiga picha za mto.

Kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu, ukikipata ripoti kwa afisa utamaduni wa wilaya halafu mwenyekiti wa kijiji, usiruke mtu. Droni ina vibali vyake peke yake, omba mapema mno.

Sasa orodha ya vifaa, hapa ndo watu wanalia. Chukua karatasi moja, kila kifaa mstari wake: jina, modeli, namba iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe, thamani, halafu uambatanishe na risiti. Lenzi andika, maiki andika, hata betri. Kabla hujatoka nchini ipeleke forodha wakague na kugonga muhuri. Mimi safari ya kwanza niliona usumbufu, nikarudi na kamera yangu ya miaka mitatu, stika ishachubuka kabisa, nikaambiwa thibitisha hukuinunua huko ama ulipe ushuru, nikakaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka adhuhuri namsubiri mdogo wangu afukue risiti kabatini anitumie picha kwa simu. Muhuri mmoja tu ungemaliza yote.

Viza ya Schengen (ile ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, na bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Barua ya mwaliko iseme siku gani unashuti wapi.

Picha na filamu za zamani za makumbusho usidhani ni bure kwa sababu mifupa ni ya kwetu (inauma, najua). Bei inategemea mambo matatu: utaonyesha nchi zipi, kwa miaka mingapi, na kwa njia gani, tamasha, tv au mtandaoni. Anza na leseni ya matamasha tu, inakuwa nafuu, ila hapo hapo waandikie wakupe kwa maandishi bei ya kuongeza tv na mtandao baadaye, maana filamu ikishapata jina ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, au ukiipeleka soko la filamu la Durban huna tena nguvu ya kubagein.

Kiufundi sio ishu kubwa, Lindi na Berlin umeme ni hezi 50, shuti fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, taa hazitachezacheza. Futeji kopi mbili kwenye mabegi tofauti, ya tatu iache nyumbani.

Halafu mzee akiongea Kimwera mlipe mtu wa nyumbani aandike tafsiri na muda wa kila sentensi kabla hujaanza kuediti. Mimi nilikata kwanza, kuja kutafsiri nakuta nimemkatisha bibi katikati ya fumbo, na jibu lake nimelitupa.