Jinsi ya kuandika maelezo ya umbo la kidukari dume na jike anayetaga, hatua kwa hatua

Wadau wa wadudu habari zenu. Vijana wengi wanaokuja field huku Mtwara wakipewa maikroskopu na kidukari (kale kadudu kanakofyonza utomvu wa mimea) wanaandika "dume ni mdogo, mweusi, ana mabawa" alafu wanaona wamemaliza. Hayo sio maelezo jamani, hiyo sentensi inamfaa hata mbu. Huu mwongozo ni wa kukutoa hapo, ukimaliza kuandika mtu aliyeko Japani asome na aweze kumtofautisha huyo mdudu na ndugu zake bila kukupigia simu.

Kwanza tuelewane kuhusu sampuli maana hapa ndo wengi wanapotezana. Ukienda kwenye kunde au karanga kuanzia Naliendele mpaka Nachingwea utakuta wale weusi wanaong'aa, Aphis craccivora, wamejazana kwenye vikonyo na sisimizi wanawalamba, hao hao wanaoeneza ugonjwa wa rozeti ya karanga. Karibu wote unaowaona ni majike, wanazaa watoto hai bila dume, na mtoto akizaliwa tayari ana viinitete vyake tumboni, ndo maana wiki moja tu shamba limeshaliwa. Dume huku kwetu usikae ukimsubiri. Madume na majike wa kutaga wanatokea pale usiku unaporefuka na baridi kuanza, na huku kusini mchana wa Juni na wa Desemba umepishana kama saa moja na kidogo tu, wakati London mchana wa Juni unapita saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8. Mwaka 1923 huko Tennessee, Marekani, S. Marcovitch alifupisha mwanga wa mchana kwa vidukari wa mizizi ya stroberi na akapata madume na majike wa kutaga kabla ya msimu wao, kwa hiyo jambo hili linajulikana miaka mingi.

Maana yake sampuli utaipata kwa mtu wa nchi za baridi aliyekusanya mwezi wa kumi au wa kumi na moja, au kwa maabara yenye kabati la kufugia, mchana mfupi na joto la nyuzi 15 hadi 18 hivi. Na hata humo sio kesho yake, agizo la mwanga linapita kwa mama kwenda kwa watoto, utasubiri vizazi. Kwa kujifunzia mimi napendekeza kidukari wa njegere, Acyrthosiphon pisum, kwa sababu ni mkubwa, hahamii mmea wa aina nyingine msimu ukibadilika kama wengine, na mayai yake yanatoka ya kijani alafu yanageuka meusi ya kung'aa.

HATUA YA 1: Omba seti nzima

Usikubali kutumiwa dume peke yake. Unataka dume, jike anayetaga, na majike wa kawaida wanaozaa hai, wenye mabawa na wasio na mabawa, kutoka kundi moja kwenye mmea mmoja. Bila hao wa kawaida huwezi kusema kitu chochote cha maana maana maelezo yote yanasimama kwenye kulinganisha. Mwambie anayekusanya aandike rangi mdudu akiwa hai KABLA hajamtumbukiza kwenye spiriti (ethanoli), kichwa rangi gani, tumbo rangi gani, unga wa nta upo au haupo, kwa sababu ethanoli inafuta yote hayo na wewe utabaki na kitu cha rangi ya chai. Lebo iwe ndani ya kichupa, kwa penseli. Wino wa peni unayeyuka.

HATUA YA 2: Watenganishe wakiwa bado kwenye spiriti

Mwaga kwenye kisahani cha kioo, mulika kwa chini. Angalia tumbo. Jike anayezaa hai utaona vidoti viwili viwili vyekundu au vyeusi humo ndani, hayo ni macho ya watoto. Jike anayetaga hana macho tumboni, ana mayai, mabonge marefu ya mviringo yaliyojaa kiini, na mara nyingi sehemu ya nyuma ya tumbo lake imevutika zaidi. Hiki kipimo cha macho ni cha bure na kinakuokoa kabla hujaharibu slaidi hata moja. Dume ni mwembamba, tumbo limesinyaa, papasi zake (zile pembe za kunusia kichwani) ni nene ukilinganisha na mwili wake.

Angalia pia kama mdudu amekomaa. Kauda, yaani kile kimkia cha mwisho, kwa mtoto ni kifupi na kipana hakijajitenga, kwa mkubwa kimechongoka vizuri. Ukimpima mtoto ukidhani ni mkubwa namba zako zote takataka.

HATUA YA 3: Slaidi

Hapa nitaenda haraka. Toboa tumbo kwa sindano nyembamba upande mmoja, na kwa jike anayetaga pasua kidogo zaidi ili uyasukume mayai nje, ukiyaacha yatakuwa giza na hutaona kitu. Weka kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kichupa kikae kwenye maji ya moto dakika tatu mpaka tano, usichemshe, unamtoa akishakuwa mweupe wa kupitisha mwanga. Kama umeme umekatika, na huku unakatika, maji ya moto ya chupa ya chai yanatosha kabisa, na ni salama zaidi kuliko jiko la mkaa ukiwa na spiriti mezani. Vaa glavu na miwani, hiyo dawa inaunguza. Suuza kwa maji safi mara kadhaa, pitisha kwenye ethanoli ya asilimia 70, ya 90 na ile isiyo na maji kabisa, alafu mafuta ya karafuu, mwisho balsamu ya Kanada na kioo cha juu.

Kumlaza mdudu ndo ufundi. Papasi zinyooke kwenda mbele, miguu ya nyuma itoke pembeni isilale juu ya tumbo. Majike walaze mgongo juu, madume gawa, wengine mgongo juu wengine tumbo juu maana sehemu zao za siri zinaonekana vizuri kwa chini. Balsamu kwenye unyevu huu wa bahari inachelewa sana kukauka, kwa hiyo tengeneza boksi la mbao lenye balbu ndani, slaidi zikae humo zimelala wiki kadhaa.

HATUA YA 4: Pima lenzi yako kabla ya kupima mdudu

Rula ya ndani ya lenzi haina milimita, ina migawanyo tu. Linganisha na slaidi ya vipimo kwa kila ukuzaji unaotumia, x10, x20, x40, na andika ukutani. Tuseme kwa x10 mgawanyo mmoja ni mikroni 10 na tibia (muundi wa mguu) imechukua migawanyo 86, basi ni mikroni 860, yaani 0.86 mm. Ukibadilisha lenzi unaanza upya.

HATUA YA 5: Jike anayetaga, anza na mguu wa nyuma

Mimi siku zote naanzia kwenye tibia ya nyuma, yaani muundi. Kwa jike wa kawaida ni bomba jembamba lenye upana karibu sawa juu mpaka chini. Kwa anayetaga sehemu ya juu kuelekea katikati imevimba, na ukiweka x40 ukazungusha fokasi taratibu utaona vijiduara vyenye ukingo, kama nukta za maji zilizokauka kwenye kioo. Ni tezi za harufu, ndizo zinazotoa harufu ya kumwita dume, jike anainua miguu ya nyuma hewani na kuipunga. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walitambua harufu hiyo kwa kidukari Megoura viciae kuwa ni kemikali mbili, nepetalaktoni na nepetalaktoli.

Sasa usiandike "tibia imevimba" ukaondoka. Andika vitu hivi: uvimbe unaanzia wapi na kuishia wapi kwa sehemu ya urefu (mfano kutoka sehemu ya tano ya juu mpaka theluthi mbili), upana wa juu kabisa ukilinganisha na upana wa tibia hiyo hiyo karibu na kifundo cha chini, vijiduara ni vingapi kila mguu, vimesambaa kote au vimejipanga, vinagusana au vimeachana, vina ukubwa gani. Kuhesabu inachosha, piga picha kwa fokasi mbili tatu uhesabu kwenye kompyuta, maana vilivyo upande wa chini wa bomba vinaonekana pia na unaweza kuvihesabu mara mbili. Kuna spishi ambazo uvimbe ni mdogo sana lakini vijiduara vipo, na ndo maana nasema tegemea vijiduara kuliko uvimbe.

Baada ya hapo nenda kwenye bamba la uzazi chini ya tumbo, umbo lake na nywele ngapi ukingoni na ngapi katikati. Kisha nywele za pingili ya nane ya tumbo, nywele za kauda, na papasi. Rinaria za ziada, vile vitundu vya kunusia, kwa jike anayetaga ni chache au hakuna, lakini usikisie, angalia pingili ya III (ya tatu kutoka kichwani) ya papasi zote mbili.

HATUA YA 6: Dume

Kwa dume unahamia kwenye papasi. Rinaria zimejaa pingili ya III, na kutegemea spishi zinaendelea IV na V, kwa sababu kazi yake ni kunusa. Hesabu kila pingili peke yake, kulia na kushoto tofauti, usijumlishe. Sema kama zimepangwa mstari mmoja au zimetapakaa, kama zinazunguka pingili nzima au upande mmoja.

Tahadhari, jike mwenye mabawa anayezaa hai naye ana rinaria nyingi pingili ya III kuliko yule asiye na mabawa. Kwa hiyo mabawa na rinaria peke yake havimfanyi mtu kuwa dume, geukia mwisho wa tumbo. Dume ana vishikio viwili vyenye nywele na katikati uume. Eleza umbo la vishikio, ni butu au vimechongoka, vina nywele nyingi au chache, na uume umejikunja au umenyooka. Na usidhani madume wote wana mabawa, huyo huyo kidukari wa njegere ana madume wenye mabawa na wasio nayo, na kinachoamua ni jeni iliyoko kwenye kromosomu X, ambayo dume anayo moja tu wakati jike ana mbili.

HATUA YA 7: Kuandika

Pima angalau kumi wa kila aina kama wapo, na kama ni watatu sema watatu. Mpangilio ni mwili mzima, kichwa, papasi, mrija wa kunyonyea, miguu, vijibomba viwili vya nyuma ya tumbo (sifunkuli), kauda, sehemu za uzazi. Sentensi fupi, bila mapambo. Vipimo vitaje kwa wigo, mdogo mpaka mkubwa, sio wastani peke yake. Alafu weka uwiano maana urefu unabadilika kwa chakula na joto: ncha ya pingili ya VI ya papasi kwa shina lake, pingili ya mwisho ya mrija kwa pingili ya pili ya wayo wa nyuma, sifunkuli kwa kauda, nywele ndefu kuliko zote ya pingili ya III kwa upana wa pingili hiyo chini.

Kwa mfano hivi, jaza mwenyewe namba (n ni idadi ya uliowapima): "Jike anayetaga, hana mabawa (n = ...). Akiwa hai rangi ... Kwenye slaidi: tibia ya nyuma imevimba kuanzia ... hadi ..., upana wa juu ... mara ya upana karibu na kifundo, ina vijiduara ...–... vilivyotapakaa. Mengine kama jike asiye na mabawa anayezaa hai, isipokuwa ..." Hiyo "isipokuwa" ndo roho ya maelezo, hapo msomaji anapata kila kilichobadilika bila kusoma kurasa nne za yale yale.

Picha zinazotakiwa ni mwili mzima, papasi, tibia ya nyuma, bamba la uzazi au vishikio. Simu kwenye lenzi inafaa kabisa, mradi kuna mstari wa kipimo. Picha bila mstari wa kipimo mimi naihesabu haipo.

Mwisho ni mambo ya jina. Kama spishi tayari ina jina, kumwelezea dume wake hakukupi haki ya kutoa jina jipya wala kuchagua holotaipu nyingine (ile sampuli moja inayobeba jina la spishi), ile ya kwanza inabaki pale pale, wewe unaongeza maelezo chini ya jina hilo hilo. Kila slaidi iwe na lebo ya mmea, mahali, tarehe, aliyekusanya na namba, na ugawe seti mbili, moja ibaki nchini na nyingine iende kwenye makumbusho yenye mkusanyiko wa vidukari.