Utafiti wa uwandani kuhusu uhamaji: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwanafunzi

"Athari za uhamaji kwa jamii." Hicho ndicho kichwa ninachoandikiwa mara nyingi zaidi na wanafunzi ninaowasimamia, na huwa nakirudisha siku hiyohiyo. Ukifika uwandani hukuti "jamii" imekaa ikisubiri kuulizwa. Unamkuta bibi aliyeachiwa wajukuu, mwenye nyumba aliyeongeza vyumba vya kupangisha, kijana aliyerudi akakuta wenzake wa rika wameshaoa. Hatua zifuatazo zitakutoa kwenye kichwa hicho kipana na kukufikisha kwenye data unazoweza kuzitetea.

Hatua ya 1: Bana swali

Chagua uhusiano mmoja unaodhani umebadilika, uulizie huo. Kwa mfano: mzazi mmoja anapokwenda kufanya kazi mbali, nani huamua mambo ya shule ya watoto? Swali hilo lina watu wa kuhojiwa na lina mambo yanayoonekana kwa macho. Pia linaweza kukupa jibu usilolitarajia. Kama jibu unalijua kabla hujatoka chuoni, swali bado halijaiva.

Hatua ya 2: Amua nani ni mhamaji

Andika fasili yako kwa sentensi mbili: amevuka mpaka upi, na amekaa kwa muda gani. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 yanamhesabu mtu kuwa mhamiaji wa kimataifa wa muda mrefu akikaa katika nchi nyingine angalau miezi 12. Wa muda mfupi ni wa kuanzia miezi 3 hadi chini ya 12. Kwa uhamaji wa ndani utaweka kigezo chako mwenyewe, lakini kitumie kilekile kuanzia mahojiano ya kwanza hadi ya mwisho. Mkimbizi usimtaje ovyo: neno hilo lina maana ya kisheria chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, na aliyekimbia makazi yake bila kuvuka mpaka wa nchi huitwa mkimbizi wa ndani, ambaye hayumo katika maana hiyo.

Soma takwimu kwa makini. Umoja wa Mataifa ulikadiria wahamiaji wa kimataifa kuwa milioni 304 mwaka 2024, lakini idadi hiyo haiwagusi waliohama ndani ya nchi zao. Sensa nayo ikiuliza mahali pa kuzaliwa tu, aliyeondoka kwao miaka ishirini kisha akarudi huonekana hajawahi kuhama. E. G. Ravenstein, aliyechambua sensa za Uingereza, aliandika mwaka 1885 kwamba wengi huhama umbali mfupi na kwamba kila mkondo wa kwenda huzaa mkondo wa kurudi. Kwa hiyo waliorudi watafute kwa makusudi.

Hatua ya 3: Hoji na waliobaki

Kama una muda wa kuifanya vizuri hatua moja tu, iwe hii. Tasnifu nyingi huwahoji waliohama peke yao, kisha zikatangaza athari. Athari haionekani mpaka uwe na kitu cha kuilinganisha nacho.

Ukihoji kaya 15 zenye mtu aliyehama, tafuta kaya 15 za jirani ambazo hazijatoa mtu. Sababu ni hii: safari ina gharama, na mara nyingi kaya inayoweza kumtoa mtu ilikuwa na uwezo kidogo tangu mwanzo. Ukiona nyumba nzuri ukaandika "fedha zinazotumwa zimeinua maisha", huenda umegeuza mambo kichwa chini. Uliza: "Paa hili liliezekwa kabla hajaondoka, au baada?" Swali hilo dogo limewahi kubadilisha sura nzima ya matokeo.

Kama bajeti inaruhusu, zungumza na ncha zote mbili za familia moja, aliyeondoka na aliyebaki, kila mmoja peke yake. Anayetuma fedha na anayezipokea hutaja viwango tofauti na matumizi tofauti. Usikimbilie kuamua nani anadanganya. Tofauti hiyo yenyewe ni data: inakuonyesha nani anajiona na haki ya kuamua.

Katika kuwapata watu, njia ya mmoja kukuelekeza kwa mwingine hufanya kazi, ila itakufungia ndani ya duara moja la marafiki. Anzia milango kadhaa: mwalimu, kiongozi wa dini, chama cha wafanyakazi, mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Kibali, ridhaa na usalama

Kibali cha chuo na cha mamlaka ya eneo hakichukui nafasi ya ridhaa ya mhojiwa. Mweleze kwamba anaweza kukataa swali lolote au kusimamisha mazungumzo, na kwamba huwezi kumsaidia kupata hati wala kazi. Liseme hilo wazi, maana wengi hutumaini kimyakimya. Usimuulize hali ya vibali vyake vya ukaazi kama swali lako halihitaji. Majina yake halisi yasiingie kwenye daftari. Tumia namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina ihifadhi mahali pengine.

Hatua ya 5: Hoji kwa kalenda ya maisha

Chora jedwali: mwaka, alipoishi, aliishi na nani, kazi, nani aliamua. Watu wengi hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka mtoto wa pili alizaliwa wapi. Anza na matukio hayo, halafu jaza mihamo katikati yake.

"Kwa nini ulihama?" huleta jibu lilelile: "Kutafuta maisha." Lipokee, kisha shuka chini.

"Nauli alitoa nani?"
"Kaka."
"Ulipofika ulilala wapi?"
"Kwa shemeji yake kaka, miezi miwili."
"Nani hakutaka uondoke?"
"Mama. Alisema atabaki na nani."

Maswali matatu, na tayari una mtandao wa ndugu, deni la nauli na suala la nani atamtunza mzazi. Hakuna dodoso la kuweka alama ya vema ambalo lingekupa hayo. Lijaribu dodoso lako kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe, na swali linaloleta jibu moja kwa kila mtu liondoe.

Hatua ya 6: Andika usiku uleule

Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachokifikiria. Andika pia nani mwingine alikuwepo: mke anayehojiwa mbele ya mkwe hasemi anayoyasema akiwa peke yake.

Hatua ya 7: Chambua, kisha urudi

Soma mahojiano yote kabla ya kuyapangia mada. Zipe uzito kaya zinazokwenda kinyume na hoja yako, kama ile ambayo mama alibaki na akapata sauti zaidi badala ya mzigo zaidi.

Kabla ya kuwasilisha, wasomee baadhi ya waliohojiwa muhtasari wa matokeo kwa lugha wanayoitumia nyumbani, bila kufichua aliyesema nini. Wakikuambia "hapa sivyo", rudi kwenye maandishi yako uchunguze, na pingamizi lao uliandike ndani ya sura ya matokeo hata kama hitimisho lako halikubadilika.