Namna ya Kukisia Mwaka na Cheo katika Picha ya Afisa wa Kiingereza wa Karne ya 19

Hapa Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi kwa miaka mingi, mtu akionyeshwa picha ya afisa huanza moja kwa moja kuhesabu nyota za mabegani. Mazoea hayo ni mema, ila kwa picha za zamani za rangi za mafuta yana mtego. Leo nyota tatu ni kapteni; katika jeshi la Uingereza, kati ya 1880 na 1902, kapteni alivaa mbili na luteni moja. Mimi mwenyewe niliwahi kumshusha cheo kapteni mzima mbele ya wanafunzi.

Anza basi na mabega, lakini tafuta kwanza mwaka, kisha cheo. Ukiona mashada mazito ya nyuzi za dhahabu yakining'inia mabegani mwa afisa wa askari wa miguu, picha inamwonyesha kabla ya 1855, mwaka yalipoondolewa. Mabega yakiwa matupu na alama ziko kwenye kola, uko kati ya 1855 na 1880. Hapo usikimbilie kutaja cheo, kwa kuwa kapteni na kanali wote walivaa taji na nyota, wakatofautishwa kwa wingi wa utepe wa dhahabu.

Medali hufuata. Utepe mwekundu wenye kingo za buluu iliyokoza huweza kuwa wa Waterloo, vita vya 1815. Wa buluu hafifu wenye kingo za manjano ni wa Crimea, vita vya miaka ya 1850. Hata hivyo medali ingeweza kuongezwa baadaye, mwenye picha alipopata nishani mpya, kwa hiyo mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, bila kugusa, uone kama mistari ya brashi ya koti jekundu inapita chini ya medali. Ikipita, usiitumie kuhesabia umri wa picha nzima.

Mwisho angalia rangi ya kola na ya ncha za mikono ya koti. Tangu 1881 vikosi vingi vya Kiingereza vilipewa nyeupe, vya Kiskoti manjano, vya Kiayalandi kijani, na vile vyenye jina la kifalme buluu. Vanishi iliyozeeka hugeuza nyeupe kuwa manjano, na Mwingereza akawa Mskoti. Linganisha na glavu alizoshika: zikiwa nazo zina umanjano uleule, rangi hiyo ni ya vanishi.