Meza kuukuu ya mninga: kuivua vanishi na kuipaka upya bila kuweka ukungu

Jirani yangu hapa Temeke kanunua meza ya chai iliyotumika, nyeusi ti, akataka kuipiga rangi nyeupe. Nikakwangua kidogo kwa chini: mninga, mbao ya thamani. Jamani, mninga haupigwi rangi. Tukafanya hivi.

1. Kagua. Pindua meza. Ukiona vitundu vinavyomwaga unga mpya, wadudu bado wamo. Tibu kwa dawa kabla hujaiingiza ndani. Angalia na kingo. Kama juu ni ganda jembamba lililobandikwa kwenye plaiwudi, msasa uende taratibu, ukitoboa hakuna dawa.

2. Jua ilipakwa nini. Weka pamba yenye spiriti sehemu iliyojificha, dakika moja hivi. Ikinata, ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Isiponata, jaribu tina (thinner), kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Ikilainika, ni klia, ile vanishi angavu ya kawaida ya mafundi. Vyote vikigoma, hiyo ni vanishi ya mafuta au poliurethani, jiandae kutoka jasho.

3. Msasa. Namba 80, 120, 180, umalizie 220 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kufuata nyuzi za mbao. Grinda sitaki hata kuiona: inachora mikwaruzo ya duara ambayo huioni mpaka klia ikishakauka. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Futa kwa kitambaa chenye tina kidogo.

4. Sanding sila, yaani mpako wa kuziba vitundu vya mbao kabla ya klia. Mkono mmoja (paka mara moja tu), ikauke, msasa laini wa 320, futa.

5. Klia. Hapa ndipo Dar inapokuonyesha kazi. Unapaka vizuri, inang'aa, mara uso mzima unapata ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Watu hulaumu klia feki. Mara nyingi ni unyevu: tina inaruka haraka, uso wa mbao unapoa, na mvuke wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani ya klia.

Kwa hiyo chagua saa. Mimi naanza kama saa nne asubuhi, umande umeshakwisha, na ikifika saa tisa alasiri brashi iko chini. Jioni usijaribu. Masika, kati ya Machi na Mei, kama siyo lazima, subiri. Kipupwe cha Juni na kuendelea ndicho chenye raha. Fanyia kivulini penye hewa, wala usiiweke juani ukidhani unaiwahisha: juu kunajifunga wakati chini bado kubichi, malengelenge yanatoka. Jiko la mkaa na sigara viwe mbali kabisa, mvuke wa tina unashika moto.

Tina nayo ina madaraja. Ile ya bei chee inayopimwa kwenye chupa za maji inaruka haraka mno, na mtoto anaweza kuidhania maji. Nunua kopo lililofungwa, muuzaji akupe inayokauka polepole.

Ukungu ukishatokea, usikimbilie msasa. Ngoja mchana mkavu, kisha puliza tina hiyo ya polepole, nyembamba sana; klia inalainika, unyevu unatoka, weupe unaondoka wenyewe. Ukisugua kwa kitambaa kilicholowa utaburuta klia yote.

Mikono mitatu myembamba inatosha, msasa wa 400 katikati. Kitambaa cha plastiki kisiguse meza kwa wiki kadhaa, kitaganda.