Kabla ya kuchimba msingi kwenye udongo unaovimba

Ukuta ukipasuka mshazari kutoka pembe ya dirisha, na milango ikaanza kukwama, wa kwanza kulaumiwa huwa saruji. Mara nyingi chanzo kiko chini: mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nao hauvimbi sawasawa. Udongo wa chini ya sakafu hutunza unyevu wake, wa pembeni hulowa na kukauka kila msimu, na msingi hupindwa kati ya sehemu hizo mbili.

Kwa hiyo chimba mashimo kabla ya kuchora ramani: matatu au manne, ya mita 2 au zaidi. Nyufa pana ardhini wakati wa kiangazi ni onyo tosha. Lowesha bonge la udongo, likande, lisokote kama uzi. Likifika unene wa milimita 3 bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, peleka sampuli maabara. Ukikuta vipande vya matofali na mifuko ya plastiki, hapo pamejazwa kifusi. Kitadidimia, hata kama juu kimekuwa kigumu.

Tabaka bovu likiwa jembamba, liondoe lote, jaza moramu (udongo wa changarawe) na uishindilie kila milimita 150. Usijaze mchanga mtupu: maji hupenya humo na kutuama juu ya mfinyanzi, yaani umechimba bwawa chini ya nyumba. Tabaka likiwa nene, shusha msingi hadi kina ambacho unyevu haubadiliki, au mhandisi asanifu jamvi, yaani bamba moja la zege chini ya nyumba nzima, lenye nondo juu na chini. Chokaa ikichanganywa na udongo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu, hupunguza uvimbaji, lakini pima kwanza salfeti, aina ya chumvi zilizomo udongoni. Zikiwa nyingi, mchanganyiko huo wenyewe huvimba.

Mtaro wa msingi usiachwe wazi ukakauka au kujaa mvua. Mwaga zege mapema.

Baada ya hapo kazi ni kudhibiti maji. Zungushia nyumba sakafu ya nje ya mita 1 hadi 1.5, yenye mteremko wa milimita 50 kwa kila mita. Mabomba yawe na viungo vinavyocheza, shimo la maji taka likae mbali. Mti upandwe umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa. Na kama kiwanjani umekatwa mti mkubwa hivi karibuni, mwambie mhandisi: udongo uliokuwa ukinyonywa na mizizi huendelea kuvimba kwa miaka kadhaa.