SOMO: Bango linalojichapa lenyewe kwa JavaScript, na lile tatizo la ritifaa kwenye neno ng'ege

Swali la maandishi yanayojichapa herufi kwa herufi nimelijibu mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo naliweka lote hapa. Atakayeuliza tena nitamleta huku. Huhitaji kupakua chochote cha ziada. JavaScript iliyomo ndani ya kivinjari inatosha. Mfano wangu ni bango la muuza samaki wa Dunga, hapa Kisumu, anayeuza ng'ege (tilapia).

Hatua ya 1. Kwenye index.html, weka mahali pa maandishi:

`<h1 id="bango"></h1>`

Hatua ya 2. Tengeneza faili la bango.js ndani ya folda hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Liunganishe ndani ya head:

`<script src="bango.js" defer></script>`

Hiyo defer usiiache. Inakiambia kivinjari kisome ukurasa wote kwanza, ndipo kiendeshe skripti.

Hatua ya 4. Andika haya kwenye bango.js:

```
const bango = document.getElementById("bango");
const maneno = "Ng'ege wabichi kutoka Dunga";
let i = 0;
let saa;

function chapa() {
  if (i < maneno.length) {
    i++;
    bango.textContent = maneno.slice(0, i);
    saa = setTimeout(chapa, 90);
  }
}
chapa();
```

Ile 90 ni milisekunde kati ya herufi na herufi. Ukiiongeza, bango linakwenda polepole.

Hatua ya 5. Ritifaa, yaani ile alama ya ' ndani ya ng'ege. Hapa ndipo wengi hukwama. Masomo mengi ya mtandaoni hufungua na kufunga maneno kwa alama moja moja, ambayo ndiyo hiyo hiyo ritifaa yetu. Sasa sisi huku tuna ng'ege, ng'ombe, Nyang'oma, na majina ya watu kibao yenye ritifaa katikati. Ukiandika 'Ng'ege wabichi', kivinjari kinadhani maneno yameishia kwenye Ng. Kinachofuata, ege, hakikielewi, na hapo kinalikataa faili lote. Si mstari mmoja, ni faili lote! Ndiyo maana unaona ukurasa mweupe bila hata herufi.

Dawa ni kufunga kwa alama pacha (") kama nilivyofanya. Kama ndani mna maneno ya kunukuu pia, tumia ile alama (`) iliyo chini ya kitufe cha Esc.

ONYO: msimbo uliopitia Word au kibodi ya simu mara nyingi hufika na alama zilizopinda “ ”. JavaScript haizitambui kabisa. Zifute uziandike upya kwa mkono.

ONYO LA PILI: usiondoe ritifaa ili msimbo ukubali. Nimeona mabango yameandikwa "Ngege" na "ngombe". Mteja anaijua lugha yake, na jina la samaki liandikwe sawasawa. Msimbo ndio unaopaswa kurekebishwa.

MASWALI

Kijana wa Kondele: Yangu haifanyi kazi. Saidia.

Jibu: Haifanyi kazi vipi? Bonyeza F12, fungua konsoli, nakili mstari mwekundu uulete hapa.

Kijana wa Kondele: Inasema kitu kuhusu null.

Jibu: Hatua ya 3. Umeacha defer.

Kijana wa Kondele: Nimeiweka imekubali. Lakini ungeiandika kwa herufi kubwa.

Jibu: Nimeandika usiiache. Twende mbele.

Mwanafunzi Njoro: Mwalimu, asante sana. Nimeongeza kitufe cha "Rudia" kinachoweka i = 0 kisha kuita chapa(). Nikikibonyeza kabla bango halijamaliza, linakimbia kasi maradufu. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri hili, dada. Ile setTimeout ya kwanza (agizo la kuita chapa baada ya muda) bado inasubiri zamu yake, nawe umeanzisha nyingine. Zote mbili zinaongeza i ile ile, kwa hivyo herufi zinatoka mbili ndani ya muda wa moja. Ndiyo sababu nimeihifadhi setTimeout kwenye jina saa. Kwenye kitufe chako anza na clearTimeout(saa), kisha i = 0, kisha chapa(). Jaribu pia kubonyeza mara tatu haraka bila clearTimeout uone mwenyewe. Ukiliona hili kwa macho hutalisahau.

Mama Lurambi: Nimeweka emoji ya samaki mwishoni. Kabla haijatokea kunamulika kijisanduku cha ajabu.

Jibu: Umeona vizuri, mama. JavaScript huihesabu emoji hiyo kama vipande viwili, na slice inaikata katikati. Andika const herufi = Array.from(maneno), tumia herufi.length kwenye sharti, na herufi.slice(0, i).join("") pale pa kuonyesha.

Fundi Mamboleo: Si mtumie marquee tu, ile tagi ya HTML inayosogeza maandishi, mstari mmoja yamekwisha?

Jibu: Viwango vya HTML vinaihesabu marquee kuwa imepitwa na wakati, isitumike. Vivinjari bado vinaivumilia, lakini usijengee kazi ya mteja juu yake. Tena maandishi yanayozunguka bila kukoma yanawasumbua wasomaji. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa zitumike na watu wote pamoja na wenye ulemavu, unataka kitu kinachojianzisha na kusogea zaidi ya sekunde 5, kando ya maudhui mengine, kiwe na njia ya kukisimamisha.

Fundi Mamboleo: Na asiyeona, anayesomewa na simu?

Jibu: Hapo umenigusa. Weka aria-label yenye maneno yote kwenye h1, asomewe sentensi nzima. Na kwa waliozima miondoko kwenye simu zao, pima matchMedia("(prefers-reduced-motion: reduce)").matches, ikiwa kweli, onyesha maneno yote mara moja bila kuchapa.

Mwanafunzi Njoro: Kwenye simu yangu ndogo, bango likiingia mstari wa pili picha za chini zinasukumwa.

Jibu: Mpe h1 min-height ya mistari miwili kwenye CSS, mfano 2.6em kwa line-height ya 1.3. Nafasi inakuwepo tangu mwanzo na picha zinatulia.