Jinsi ya Kubuni Bidhaa Inayofunguka kwa Urahisi

Kabla ya kuchora chochote, mbunifu ajiulize ni kipuri kipi kitakachokufa kwanza. Katika taa ya kuchaji, LED zinaweza kuwaka kwa maelfu ya saa, ilhali betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Hata hivyo, mara nyingi betri hiyo hufichwa chini ya bodi ya saketi na kugandishwa kwa gundi, hivi kwamba anayetaka kuibadilisha hulazimika kuivunja taa nzima. Kinachochakaa mapema kikae karibu na kifuniko, kifikiwe bila kugusa kilicho kizima. Kwa betri za vifaa vya kubebeka, Umoja wa Ulaya umeligeuza jambo hili kuwa sheria: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, mtumiaji mwenyewe lazima aweze kuitoa, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyosamehewa.

Viungio ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Tumia skrubu za aina na saizi moja, zote zikitazama upande mmoja, ili fundi asibadilishe bisibisi wala kukigeuzageuza kifaa. Skrubu inayoingia moja kwa moja kwenye plastiki hulegea baada ya kufunguliwa mara chache. Kipande cha shaba nyeupe chenye nyuzi za skrubu, kinachopachikwa ndani ya tundu, hutatua tatizo hilo, ingawa huacha metali ndani ya plastiki itakayosagwa baadaye ili irejelezwe. Binafsi naikubali hasara hiyo panapofunguliwa mara kwa mara, si kwingineko. Vibanio vya plastiki navyo huharakisha kazi kiwandani, lakini visipowekewa alama ya mahali pa kubonyeza huvunjika mikononi mwa fundi. Hoja ya kwamba kuzuia maji kunalazimu gundi mara nyingi ni kisingizio, kwani pete ya mpira iliyobanwa kwa skrubu hutosha kwa vifaa vingi.

Ili kurahisisha urejelezaji, punguza aina za plastiki, na kila kipande kichapwe alama ya aina yake kwa kufuata ISO 11469, kiwango cha kimataifa cha kuwekea plastiki alama. Nyaya za shaba nazo zitoke kwa urahisi kwenye chuma, kwa sababu shaba ikishayeyushwa pamoja na chuma hicho ni vigumu mno kuitenganisha.

Hatimaye, mpe sampuli mtu asiyeshiriki katika ubunifu, pamoja na bisibisi moja na bila maelezo yoyote. Pima muda, andika kila mahali aliposita, kisha mwombe akifunge kifaa tena na kukiwasha.